Risasi Mtaani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wakazi wa Mathare, Dandora na Kayole

Maswali haya huulizwa kwenye ploti, kwenye matanga na kwenye mabenchi ya vituo vya haki za kijamii huku Eastlands, Nairobi. Tumeanza na ya kila siku, kisha ya siku mtu anapopigwa risasi, na mwishoni yale magumu ambayo watu huuliza kwa sauti ya chini. Mahali jibu limeshatolewa, tumekuelekeza huko badala ya kulirudia.

## Kuishi na mlio

Nitajuaje kama ni risasi, fataki au tairi lililopasuka?

Mara nyingi hutajua, na si lazima ujue. Lala chini kwanza, ubishi mtaufanya baadaye. Waliokaa mtaani muda mrefu huangalia watu kuliko wanavyosikiliza mlio. Watu wa boda wakiondoka stejini wote kwa mpigo bila abiria, mama mboga akianza kufunika sukuma saa kumi na moja jioni wakati wateja ndio kwanza wanatoka kazini, maskani ya vijana ikiwa tupu ghafla, kuna kitu. Mama mboga hasubiri kuelezwa. Ukimwona anafunika, ita watoto ndani.

Nyumba yangu ni ya mabati. Nijifiche wapi?

Mabati hayazuii risasi, wala mbao, wala mlango wa chuma chepesi. Kinachosaidia ni kulala kifudifudi sakafuni, mbali na mlango na dirisha, upande ambao kuna ukuta wa mawe au zege kati yako na barabara. Kama ploti ina choo au bafu la mawe, majirani wengi hukubaliana mapema kwamba hapo ndipo watoto hukimbilia, ila tu ikiwa njia ya kufika huko haipiti uwanjani. La sivyo, mbaki chini mlipo.

Kitanda cha mtoto kisiwe chini ya dirisha linalotazama njia. Kukisogeza ni kazi ya dakika chache na hakuna gharama, lakini nyumba nyingi hazijafanya hivyo kwa sababu hapo ndipo kuna hewa.

Mimi naishi ghorofani. Niko salama zaidi?

Ukuta ni bora kuliko mabati, lakini roshani imeua. Tarehe 30 Machi 2020, siku za kwanza za kafyu ya korona, mvulana wa miaka 13 alipigwa risasi Kiamaiko akiwa kwenye roshani ya kwao, ghorofani, polisi wakiwa barabarani wakitekeleza kafyu. Mathare nako, wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi wa Agosti 2017, msichana mdogo aliuawa hivyo hivyo, akiwa roshani. Risasi inayopigwa juu “kutawanya watu” lazima itue mahali, na Huruma, Mlango Kubwa na Kiamaiko mahali hapo ni nyumbani kwa mtu.

Kwa hiyo jibu ni rahisi kulisema na gumu kulitii: usitoke kuchungulia. Simu ya kurekodi pia isikutoe nje.

Hatari hasa ni majambazi au ni polisi?

Wote wawili, na ndiyo maana maisha ni magumu kuyapanga. Novemba 2006 makundi mawili, Mungiki na lile lililojiita Taliban, yalipigana Mathare, ugomvi ukiwa umeanzia kwenye ushuru wa chang'aa, na watu wakahama na magodoro kichwani. Juni 2007, baada ya polisi wawili kuuawa, operesheni ya polisi iliingia Mathare na wakazi wengi wakauawa. Mzee aliyeona yote mawili hawezi kukuambia ukimbilie upande gani.

Ukiibiwa kwa bastola Kayole, unataka polisi waje. Wakija na kumpiga risasi kijana aliyekwisha kulala chini, unatamani usingewaita. Mtu anaweza kubeba hisia zote mbili kwa wiki moja, na hiyo haimfanyi mnafiki wala rafiki wa majambazi.

Nimwambie nini mtoto akiuliza?

Ukweli mfupi. “Ilikuwa risasi. Mtu ameumia. Sisi tuko hapa, mlango umefungwa.” Ukimwambia ni fataki, atapata ukweli shuleni kesho, tena kwa mtoto anayesimulia vibaya zaidi, na baada ya hapo hatakuuliza wewe.

Mtoto kuanza tena kukojoa kitandani, kushtuka mlango ukigongwa, au kucheza “karao (polisi) na mwizi” kila siku baada ya tukio, si utovu wa adabu. Usimchape. Dalili zikidumu wiki kadhaa, tazama sehemu ya “Moyo na usingizi”.

## Mtu akipigwa risasi

Nifanye nini dakika za kwanza?

Hakikisha kwanza ufyatuaji umekwisha. Kisha bana jeraha. Chukua leso, shati au taulo safi kuliko yote iliyo karibu, weka juu ya damu na ukandamize kwa nguvu zako zote kwa viganja viwili. Usiinue kuangalia kama damu imekata. Kitambaa kikilowa, ongeza kingine juu yake.

Damu ikitoka kwa kasi mkononi au mguuni na kubana hakutoshi, funga kitambaa kipana juu kidogo ya jeraha, si kwenye jeraha lenyewe, upande wa kuelekea kiwiliwili, pitisha kijiti na usokote mpaka damu ikate. Kumbuka saa uliyofunga na umwambie daktari. Usikifungue njiani.

Usichokonoe risasi. Usimpe maji, chai wala soda hata akililia. Mfunike, maana mtu anayepoteza damu hupata baridi hata jua likiwaka. Halafu safari: ambulensi ikiwa haijulikani itafika lini, watu hutumia gari la jirani, tuktuk, hata mkokoteni hadi barabara ya lami. Boda ni ya mwisho kabisa, na hapo mtu mmoja akae nyuma akimshikilia na kuendelea kubana.

Ni lazima kupata barua ya polisi kabla ya hospitali kumtibu?

Hapana. Imani hii imeua watu ambao risasi haikuwaua. Ibara ya 43(2) ya Katiba ya Kenya inasema mtu hatanyimwa matibabu ya dharura, na Sheria ya Afya ya 2017 inarudia hivyo hivyo. Damu izuiwe kwanza. Hospitali inaweza kuwaita polisi baadaye, na mara nyingi huwaita kwa jeraha la risasi, lakini huo si mlango wa kuingilia chumba cha dharura.

Ukiwa hospitali ya Mama Lucy au Kenyatta na mtu anakuzungusha, taja Katiba kwa sauti ya heshima na umwombe aandike jina lake na sababu ya kukataa. Kalamu hulegeza mambo haraka kuliko kelele.

Baada ya kutibiwa, karatasi gani zitahitajika?

Nambari ya OB (kitabu cha matukio) kutoka kituo cha polisi, fomu ya P3 (ya polisi ya kueleza majeraha) iliyojazwa na daktari, na muhtasari wa matibabu kutoka hospitali. Fomu ya P3 yenyewe haiuzwi. Piga picha kila ukurasa siku hiyo hiyo na uitume kwa watu wawili unaowaamini, kwa sababu mafaili hupotea, na yanapopotea huwa yamepotea kwa faida ya mtu.

Nguo alizovaa zisifuliwe. Acha zikauke kivulini, kisha ziweke kwenye mfuko wa karatasi. Mfuko wa plastiki huziozesha. Mama mmoja wa Mathare tunayemjua huziweka karatasi zote za mwanawe kwenye bahasha ya khaki: nakala ya kitambulisho, cheti cha kuzaliwa, nambari ya OB imeandikwa kwa kalamu nyekundu juu, na picha ya kijana akiwa na sare ya shule. Hiyo picha ni ya makusudi. Gazeti likiomba picha, hataki litumie ile iliyopigwa kwenye tope.

Amefariki palepale. Tumguse?

Msimsogeze, msimwoshe, msiokote maganda ya risasi. Pigeni picha kutoka pande nyingi: alivyolala, mikono iko wapi, kuna nini kando yake. Hili la mwisho lina uzito. Malalamiko ya familia nyingi ni kwamba bastola au panga lilionekana kando ya mwili baadaye, na jirani aliyepiga picha mapema ndiye pekee anayeweza kuonyesha kwamba halikuwepo. Ganda la risasi lipigwe picha lilipo, na sarafu kando yake kuonyesha ukubwa.

Lakini hakuna picha inayostahili kukutoa uhai. Kama waliofyatua bado wapo, piga kupitia dirishani au usipige kabisa.

Polisi wamebeba mwili na hawasemi wameupeleka wapi.

Anza na mochari ya jiji, kisha za hospitali zilizo karibu. Nenda na kitambulisho chako, cheti chake cha kuzaliwa na picha yake. Uliza pia miili iliyoandikishwa kama ya mtu asiyejulikana, kwa sababu vijana wengi huingia mochari hivyo hata kama mtaa mzima unawajua kwa majina mawili. Andika nambari ya mwili, saa ulioletwa na kituo cha polisi kilichouleta.

Usikubali kuuchukua kabla ya upasuaji wa maiti. Omba daktari wa upande wa familia awepo. IMLU, shirika la madaktari na mawakili wa haki za binadamu, limezisaidia familia nyingi kwa hili bila malipo. Alama ya risasi iliyoingilia mgongoni haibishani na mtu.

Sisi ni Waislamu na maiti haistahili kucheleweshwa. Tufanyeje?

Swali hili hutoka sana Kiamaiko, Eastleigh na Majengo. Zungumzeni na imamu mapema, na mwombeni daktari aanze na mwili wenu asubuhi. Maimamu wengi wanaelewa kwamba uchunguzi wa kifo cha bunduki una dharura yake. Mkizika bila upasuaji, kesi haijafa, lakini itabidi mahakama iamuru kaburi lifukuliwe, na jambo hilo huumiza familia kuliko kungoja saa sita. Ni uamuzi wenu, na asiwaharakishe mtu aliyevaa sare.

## Kuripoti

Niripoti kwenye kituo kilekile cha aliyefyatua?

OB inaweza kuandikwa kituo chochote. Nenda na mtu, afadhali wawili, mmoja akiwa mtetezi wa haki za binadamu au mchungaji, na usiondoke bila nambari. Kisha fika IPOA, mamlaka huru ya kusimamia utendakazi wa polisi iliyoundwa kwa sheria ya 2011, au piga 1559 bila malipo. Vituo vya haki za kijamii vya Mathare, Dandora na kwingineko vitakusaidia kuandika maelezo. Maelezo yaandikwe ungali unakumbuka: saa, mahali, waliovaa nini, gari la rangi gani. Andika ulichokiona tu. Ulichosikia kwa jirani, jirani akiandike mwenyewe.

Polisi anaruhusiwa kumpiga risasi mshukiwa?

Katika hali chache. Jedwali la Sita la Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi linasema bunduki itumike pale njia nyingine zimeshindwa, hasa kuokoa maisha yake au ya mwingine yaliyo hatarini wakati huo. Anatakiwa ajitambulishe na atoe onyo, isipokuwa onyo lenyewe lingehatarisha maisha. Akishafyatua na mtu akaumia, anatakiwa ampe huduma ya kwanza, jamaa wajulishwe, na mkubwa wake aifahamishe IPOA.

Kijana aliyeinua mikono au aliyelala kifudifudi hatishii maisha ya mtu. Hata kama aliiba. Tunasisitiza hili kwa sababu nusu ya ubishi mtaani huishia kwenye “lakini alikuwa mwizi”. Mwizi ana mahakama yake.

Nikitoa ushahidi nitalindwa?

Ipo sheria ya kulinda mashahidi ya 2006 na ipo mamlaka yake. Unaweza kuombewa ulinzi kupitia IPOA au afisi ya mkurugenzi wa mashtaka. Jua mapema maana yake: mara nyingi utahama, utaacha kibanda chako cha biashara, watoto watabadilisha shule. Wapo waliokubali na wapo waliokataa kwa sababu hiyo, na hatuwalaumu.

Njia ya kati ni kutoa maelezo kwa siri na kuacha uamuzi wa kusimama kizimbani kwa siku ya baadaye. Kunyamaza kabisa kunakulinda usiku wa leo. Kunamwacha pia marehemu na jina la “mshukiwa wa ujambazi” lililosomwa kwenye taarifa ya habari, na wadogo zake wakibaki nalo.

Kesi itachukua muda gani?

Miaka. Machi 2017, mauaji ya vijana wawili Eastleigh yalinaswa kwenye video iliyosambaa nchi nzima. Mashtaka ya mauaji dhidi ya afisa yalikuja zaidi ya miaka mitano baadaye, na huo ni upande wa kesi yenye video. Kwa hiyo panga mwendo wa mbali. Familia zinazodumu ni zile zinazokwenda mahakamani kwa zamu na zilizo ndani ya kikundi, kama mtandao wa akina mama wa waathiriwa na manusura ulioanzia Mathare, ambao huhudhuria kesi za wenzao hata zisizowahusu.

## Vijana

Picha ya kijana wangu imewekwa Facebook na onyo kwamba “siku zake zinahesabika”.

Ichukulie kwa uzito. Kwa miaka mingi kurasa zinazotumia jina la Hessy, jina la bandia linalohusishwa na polisi wanaowaua washukiwa, zimeweka picha za vijana wa Kayole, Dandora na Mathare, na baadhi yao wakaishia kuuawa. Huduma ya polisi imekana kuzimiliki.

Usijibu kwenye ukurasa na usiwaruhusu rafiki zake wajibu. Chukua picha ya skrini inayoonyesha anwani ya ukurasa, tarehe na maoni. Ipeleke kwa kituo cha haki na IPOA siku hiyo hiyo. Kama kuna kosa analotafutiwa kweli, njia iliyowasaidia wengine ni kumsindikiza kituoni mchana, na wakili au mchungaji, mbele ya watu, na OB iandikwe. Akishakamatwa, Ibara ya 49 inataka afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, na saa hizo zinahesabiwa kutoka kukamatwa kwake kunakojulikana. Ndiyo faida ya kwenda mkiwa wengi.

Nimpeleke ushago?

Wazazi wengi hufanya hivyo na wengine wameokoa mtoto. Shida ni mwezi wa tatu. Shamba ni robo ekari ya babu, simu ina vijana wa maskani, nauli ya kurudi inapatikana. Ushago hufaa kama kuna kazi au chuo kinachomngoja. Kama ni kumficha tu, atarudi na mtaa utakuwa umemsahau vibaya au kumkumbuka vibaya.

Anataka kuacha ujambazi. Aanzie wapi?

Asiache peke yake. Kando ya Mto Nairobi pale Korogocho, kikundi cha Komb Green Solutions kimewaleta pamoja vijana, wakiwemo waliokuwa wahalifu, wakasafisha jaa na kulifanya bustani. Dandora, Dandora Transformation League iliwafanya vijana washindanie usafi wa viwanja vya kati ya nyumba zao. Mathare Green Movement hupanda miti kuwakumbuka waliouawa. Ni kazi ya jasho na pesa ni kidogo, hatutadanganya. Lakini kijana mwenye shati la kikundi na reki mkononi saa tatu asubuhi ana mashahidi arobaini wa alikokuwa.

Nimekuta bastola ndani ya nyumba.

Usiishike, usiitupe chooni, usiihamishe kwa jirani. Kupatikana nayo ni kifungo cha miaka mingi, hata kama si yako. Toa watoto nje, mtafute wakili au kiongozi wa dini, naye apange na chifu jinsi ya kuisalimisha. Usiibebe wewe mwenyewe barabarani.

## Moyo na usingizi

Miezi imepita lakini bado silali. Ni kawaida?

Wiki za mwanzo, ndiyo. Ikiwa bado unaamka usiku, unakwepa njia fulani, moyo unakwenda mbio pikipiki ikipiga kishindo, au huwezi kwenda kazini, hayo ni maradhi yenye matibabu. Msalaba Mwekundu wa Kenya wana ushauri nasaha bila malipo kwa 1199. Kwa watoto piga 116.

Wanaume huuliza swali hili kwa kuzunguka: “kuna dawa ya usingizi?” Pombe humlaza mtu na kumwamsha saa tisa usiku akiwa vibaya zaidi. Kinachoonekana kusaidia ni kukaa na wenye msiba kama wako. Akina mama wa waathiriwa wakikutana, nusu ya muda husikii habari za kesi. Wanapanga chama na kumcheka aliyeunguza chapati.

## Maswali ya pembeni

Nichangie mazishi ya kijana aliyeniibia?

Watu hutofautiana. Wengi hutoa, hata shilingi hamsini, kwa sababu ya mama yake, ambaye ndiye mnayekutana naye kwenye foleni ya maji. Kama hutaki kutoa, nyamaza tu. Kusimama kwenye mkutano wa matanga kuhesabu makosa ya marehemu ni jambo lingine. Wenye kamati nao watangaze hesabu ya M-Pesa kila jioni. Ugomvi wa mchango umevunja ploti ambazo risasi hazikuzivunja.

Nisambaze video ya tukio kwenye WhatsApp?

Ipeleke kwa wachunguzi, si kwa kundi la ploti. Video inayozunguka humfikia mama kabla ya mtu kumbishia hodi, na hupoteza tarehe na ubora kila inapotumwa. Hifadhi faili la asili kwenye simu uliyorekodia na usilikate hata sekunde moja. Kuhusu kumlinda aliyerekodi, tazama swali la ulinzi wa mashahidi.

Jirani yangu ni polisi. Nimwogope?

Maafisa wengi wa vyeo vya chini hupanga nyumba humu humu, hulipa kodi kwa landilodi yuleyule na watoto wao hulala chini kama wa kwako. Wapo wanaowaonya majirani mapema. Usimuulize siri za kazi yake, na usimsimulie nani ameandika maelezo IPOA.

Risasi imetoboa ukuta wangu. Nani analipa?

Piga picha ya tundu, ndani na nje, kabla ya fundi kuliziba, na uandikishe OB. Kama iliyofyatuliwa ni ya polisi, unaweza kudai fidia mahakamani, na madai hayo huunganishwa vizuri zaidi na ya majirani wengine wa tukio hilo. Landilodi kwa kawaida hubadilisha bati na kunyamaza. Mwombe akupe hilo la zamani liwe ushahidi, badala ya kuliuza kwa watu wa vyuma chakavu.